Futi Kamba

Ndugu yangu Faki alirudi Wete na maboksi matatu:
miaka ishirini na sita kwenye gengi la reli kule Mlimba,
goti bovu, pensheni isiyotosha,
na treni ndogo aliyoinunua Kariakoo
kwa mtu asiyejua anauza nini.
Akaitandikia njia uani kwetu, Limbani,
kuzunguka majamvi ya karafuu:
kokoto, mataruma ya mvinje aliyoyachonga mwenyewe,
reli mbili za shaba, kati yake upana wa vidole vitatu.

Bi Sichana alichungulia juu ya ua wa makuti.
"Inakwenda wapi hiyo?"
"Inarudi," Faki akamjibu.

Akaniomba futi.
Mimi fundi cherehani, futi ndiyo mkufu wangu.
Nikashika ncha hii, yeye ile,
mjukuu wake Mwache akitia chaki kila tulipoishia.
Kwenye kona tukagombana.
Reli ya nje ndefu, ya ndani fupi,
kama sketi ya mwamvuli: kiunoni haba, kwenye upindo tele.
"Sasa ipi ndiyo safari?"
"Katikati," akasema. "Pima pale pasipo na chuma."

Mara ishirini na mbili futi ikalala, ikainuka.
Mita thelathini na tatu.
Akaziandika kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko,
na chini yake hesabu nyingine:
Wete mpaka Chake, kilomita thelathini,
mizunguko mia tisa na kumi.
"Nitakupeleka Chake," akamwambia Mwache, "bila nauli."

Kila mzunguko, punje moja ya karafuu
ndani ya kopo la maziwa.
Jioni kumi na moja.
Punje ya mia tisa na kumi ilipolia koponi
Mwache akapiga filimbi, "Chake! Shukeni!"
tukala haluwa, tukalala.

Angeliishia hapo.
Lakini mtu wa reli haamini njia mpaka aigonge nyundo.
Akabandika sumaku kwenye gurudumu,
akafunga kihesabio cha baiskeli,
akazungusha uzi wangu, akaulaza kwenye rula ya Mwache:
sentimita tisa na nusu kila duru.
Duru mia tatu thelathini na moja.
Piga, jumlisha: mita thelathini na moja na kitu.
Mita moja na nusu imeliwa na nani?

Akalaumu gurudumu, linateleza kwa mafuta ya karafuu.
Akalifuta kwa mafuta ya taa.
Mia tatu thelathini na moja.
Akafuta na reli.
Mia tatu thelathini. Thelathini na moja.
Chai yake ikapoa. Sikumsemesha.

Usiku nilikuwa nakata sare ya shule.
Futi ilisema kiuno sitini na saba,
mkono wangu ukakata sitini.
Haukuniuliza.
Ndipo nikaitazama ile ncha:
panya, mwaka ule wa mafuriko, sentimita saba.
Tangu hapo nguo zangu zote zimewakaa watu sawa,
kwa sababu mkono uliujua uongo wa futi
ukausamehe, mimi nikasahau.

Kwa hiyo treni haijafika Chake.
Imesimama gizani, labda Gombani,
imebeba mtoto aliyekwisha kula haluwa.

Nikamwamsha Faki.
Alikaa kitandani, akapiga hesabu kwa vidole na midomo.
"Arubaini na nne," akasema.
Kisha, akitafuta viatu: "Gombani si pabaya. Siku za mpira pana taa."

Mwache hatukumwamsha.
Nilichota punje jamvini, nikahesabu kwa sauti ya chini
hadi betri ilipokata roho kwenye thelathini na nane.
Sita za mwisho Faki alilisukuma kwa kidole,
akitambaa kwenye kokoto, goti likimlilia,
na mimi nikitaka kumpokea, hataki.

Asubuhi Mwache alimwaga kopo, akahesabu,
akahesabu tena.
Akaenda kumwambia Bi Sichana
kwamba karafuu za kwetu huzaa usiku.